Mawaridi Yaliyochujuka na Nuru ya Nyumba ya Mawe

Katika mji wa Lamu ua likishakatwa halidumu. Asumini hufunguka jua linapotua, na kabla ya adhuhuri ya siku inayofuata weupe wake umeshaanza kuingia manjano na zambarau. Mawaridi ya harusi, yale yanayotoka mashamba ya Naivasha yaliyo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hushuka uwanja wa ndege wa Manda yakiwa bado na ubaridi wa bara, huvushwa kwa boti hadi gatini, na joto la pwani huyapokea hapo hapo. Watu huyapiga picha usiku wa sherehe, yakiwa yamesimama wima karibu na bibi harusi, kisha husahauliwa ndani ya ndoo hadi atakapopatikana wa kuyatupa. Kazi ninayoipenda kuliko zote huanzia kwenye ndoo hizo. Kwa muda mrefu sasa nimekuwa nikiyachukua maua yaliyobaki, nikiyaweka nyumbani na kuyapiga picha siku baada ya siku mpaka yakauke, na nimefikia imani moja ambayo ndiyo sababu ya makala haya: kila umri wa ua una nuru yake, na anayelipiga picha ua linalozeeka kwa nuru ile ile aliyoitumia lilipokuwa bichi ataona uchakavu tu, hata kama mbele yake pana uzuri mkubwa.

Sababu yake ni ya kimaumbile. Petali bichi ina seli zilizojaa maji, na kati ya seli hizo mna nafasi ndogo za hewa. Nuru inayoingia hutawanywa huku na huku katika nafasi hizo, na kutawanyika huko ndiko kunakoifanya petali nyeupe ionekane nyeupe. Juu ya ngozi ya petali ya waridi zimepangika seli zenye umbo la koni, nazo ndizo zinazoipa ule mwonekano wa mahameli. Ua likikatwa, bakteria huongezeka katika maji ya chombo na kuziba mirija ya kikonyo, viputo vya hewa huyakatiza maji yanayopanda, na petali huanza kupoteza maji mengi kuliko inayoyapata, ndiyo maana kingo husinyaa kabla ya katikati. Baadaye utando wa seli huachia, maji yaliyokuwa ndani huvuja na kujaza zile nafasi za hewa, na sehemu iliyokuwa ikizuia nuru huanza kuipitisha. Mwishowe maji huondoka kabisa, sehemu laini ya petali huporomoka, na mishipa yake, iliyo migumu zaidi, hubaki imejitokeza. Mtu akiyajua haya hahitaji kubahatisha mahali pa kuweka taa, kwa kuwa ua lenyewe linamwonyesha.

Nyumba nayo inasaidia. Tunaishi Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, katika nyumba ya mawe ya matumbawe iliyopakwa chokaa, mojawapo ya zile nyumba za kale ambazo kwa ajili yake mji huu ulitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wa chumba hufuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Nuru huingia kupitia kiwanda, yaani ule uwanja wa katikati ulio wazi kwa juu. Na kwa kuwa tuko nyuzi mbili hivi tu kusini mwa ikweta, jua la mchana hushuka humo karibu wima, hugonga kuta nyeupe, na hapo ndipo hulainika na kuingia msanani, yaani ukumbi mrefu unaofuata kiwanda. Kutoka msana wa kwanza hupita hadi wa pili, na kutoka hapo hadi chumba cha ndani, ikipungua kila inapovuka mlango. Kwa mpigapicha huu ni utajiri mkubwa. Anayetaka nuru nyingi hukisogeza chombo cha maua upande wa kiwanda, anayetaka kidogo hukirudisha ndani, na chumba cha mwisho, mlango ukirudishwa ukabaki ufa mdogo, huwa na giza la kutosha kwa kazi zote nitakazozieleza. Ibn al-Haytham, mwanazuoni aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965, aliichunguza tabia ya nuru kwa kuipitisha katika tundu hadi ndani ya chumba chenye giza, na kila ninapousogeza mlango ule wa mbao kidogo kidogo, nikiutazama mstari wa nuru ukipita juu ya waridi, huona kwamba somo lake lingefundishika vyema katika nyumba zetu.

Nianze na hatua ya kwanza ya uzee, ambayo wengi hawaitambui kwa sababu ua bado limesimama. Waridi jekundu linapozeeka, utomvu ulio ndani ya seli zake hupungukiwa na asidi, na rangi ile ile iliyokuwa nyekundu huanza kuelekea zambarau, hasa kwenye petali za nje. Badiliko hili ni la taratibu, na taa ya manjano hulimaliza kabisa: nuru ya mshumaa ina takribani kelvini 1,900 (kelvini ni kipimo cha rangi ya nuru, na kikiwa kidogo nuru huwa ya manjano), ina samawati kidogo mno, na chini yake zambarau hugeuka kahawia isiyo na uhai. Kwa hiyo waridi la umri huu nalipeleka dirishani, upande ambao jua haliingii moja kwa moja, na napenda saa tatu hadi saa nne asubuhi, wakati anga imeshakuwa angavu lakini kuta za nje hazijaanza kurudisha mng'ao mkali. Dirishani natundika kipande cha melimeli ili nuru isambae. Upande wa kivuli nasimamisha kitambaa cha bafta kilichonyooshwa juu ya ubao, na hicho hurudisha nuru kiasi cha kuziokoa petali za ndani zisizame gizani. Bafta ikikaribia sana, kivuli hufa na waridi huwa bapa. Hushika ubao mwenyewe, nikausogeza nyuma hatua kwa hatua, nikilitazama ua lenyewe na wala si kioo cha kamera, mpaka nione petali ya nje imejitenga na ya pili yake kwa kivuli chembamba. Hapo huacha.

Hatua ya pili, ile ya maji kuvuja ndani ya petali, ndiyo inayowatia watu kinyaa, nami naiona kuwa ndiyo yenye neema kuliko zote. Katika mawaridi meupe na mayungiyungi hutokea mabaka yanayopitisha nuru, na mishipa huonekana ikigawanyika kutoka kwenye shina la petali hadi ukingoni. Likimulikwa kwa mbele, baka hilo huonekana kuwa uchafu. Likimulikwa kwa nyuma, petali nzima huwaka, na pale penye baka hupita nuru nyingi zaidi. Njia yangu ni hii: nalisimamisha ua kidakani au juu ya meza, nyuma yake naweka balbu ya LED iliyofunikwa kwa melimeli iliyokunjwa mara mbili, na kati ya balbu na ua naweka karatasi ngumu iliyotobolewa tundu dogo kuliko ua lenyewe, ili nuru ipite kwenye petali tu na isiivamie lenzi. Buibui jeusi la zamani, lisilo na nakshi wala kung'aa, hulitandika pande zote mbili ili kuta nyeupe zisirudishe kitu. Kwa mbele nategemea sinia ya alumini iliyochakaa, iliyopoteza mng'ao wake, nikiielekeza kutoka chini. Hiyo huleta nuru hafifu inayotosha kuonyesha kwamba ua lina uso. Sitii mshumaa nyuma ya petali zenye maji, kwa sababu joto lake hukausha ukingo haraka na kuubadilisha ua kabla sijamaliza.

Hapa kuna kanuni moja ya nuru ambayo inafaa kila mtu aishike, hata yule anayetumia simu tu. Umbali wa taa ndogo ukiongezwa ukawa mara mbili ya ule wa kwanza, nuru inayofika hubaki robo. Ukiwa mara tatu, hubaki sehemu moja ya tisa. Maana yake ni kwamba taa ikiwa karibu sana na ua, ukuta ulio mita mbili nyuma yake hupata nuru kidogo mno na kamera huuona kuwa giza, hata kama kwa jicho unaonekana vizuri. Watu wengi hununua vitambaa vyeusi na vifaa vya gharama ili kupata giza hilo, ilhali wangelipata kwa kuisogeza taa karibu na ua na kuliweka ua mbali na ukuta. Katika vyumba vyetu virefu nafasi hiyo ipo tayari, mradi kamera ielekezwe kwa urefu wa chumba.

Waridi lililokauka ndilo lililonifunza subira. Likishafika hapo halina haraka. Linaweza kukaa wiki nyingi bila kubadilika sana, na kwa sababu hiyo linaruhusu kufanyiwa kazi ya usiku kucha. Petali zimekuwa kama karatasi ya barua ya zamani, zimejikunja, mishipa imesimama, na kila mkunjo una upande wenye nuru na upande wenye kivuli, ikiwa tu nuru itatoka ubavuni na chini. Taa ya juu huifuta mikunjo yote. Taa iliyolala, ikipita karibu sawasawa na uso wa petali, huichora mishipa mmoja mmoja. Kwa hatua hii mimi hupaka nuru kwa tochi, na nitaieleza njia hiyo kwa kirefu kwa sababu haihitaji studio wala fedha nyingi.

Kamera huwekwa juu ya kiweko cha miguu mitatu ndani ya chumba chenye giza kabisa. Nalilenga ua nikiwa nimewasha taa, naufunga ulengaji ili lenzi isihangaike kutafuta gizani, naweka ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea nuru, kwenye 100, tundu la lenzi kwenye f/11, ambalo ni dogo, na muda wa sekunde 20 hadi 30, kisha nazima taa zote na kubonyeza kwa kuchelewesha sekunde mbili ili mtikisiko wa kidole upite. Shata, yaani pazia la kamera linaloruhusu nuru kuingia, inapofunguka, chumba ni cheusi na kamera haioni kitu; picha haina kitu chochote mpaka mimi niwashe tochi. Tochi naivika bomba la karatasi nyeusi lenye mdomo mwembamba, na bila hilo nuru hutapakaa kote. Napita ubavuni mwa ua, nikianzia kwenye kikonyo, napanda polepole, nazunguka petali za nje, nagusa za ndani kwa sekunde moja tu, na kuzima kabla sijarudisha mkono. Mkono usitulie mahali pamoja, kwani palipokaa nuru kwa muda hupauka na kupoteza maelezo yake yote. Mwili wangu haumo pichani kwa kuwa haujamulikwa, ingawa nimepita mbele ya lenzi. Kila picha hutoka tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayonirudisha chumbani humo: katika moja waridi linaonekana limeelemewa na kivuli, katika nyingine ukingo mmoja tu umeng'aa na uliobaki unakisiwa. Mtu anayetumia simu anaweza kufanya vivyo hivyo, simu nyingi za sasa zikiwa na sehemu ya kurekebisha muda wa shata kwa mkono. Ataiegemeza simu kwenye kitu kizito ikiwa hana kiweko.

Ninapotaka nuru yenyewe ionekane hewani, hufukiza udi katika chetezo na kukiweka nyuma ya ua, mbali na njia ya lenzi. Moshi mwembamba hupokea mstari wa nuru unaotoka kwenye ufa wa mlango na kuuonyesha. Hufanya hivi kwa nadra, kwa kuwa moshi ukizidi macho hulisahau ua.

Asumini inastahili maneno yake peke yake, kwa sababu maisha yake yote huweza kupigwa picha kati ya magharibi moja na asubuhi inayofuata. Machipukizi huchumwa jioni yakiwa yamefumba, hutungwa makoja au hutiwa katika vikuba pamoja na rehani na mkadi, na hufunguka yakiwa tayari kifuani au nyweleni mwa mwenye kuvaa. Kwetu magharibi ni fupi: tangu jua kuzama hadi mwanga wa anga kukaribia kwisha ni dakika 20 na kitu, na muda huo ndio asumini zinapofunguka na ndio dirisha linapogeuka samawati. Nuru mbili hukutana hapo. Dirisha lililo nyuma lina ubaridi wa anga iliyoachwa na jua, na kandili niliyoiweka ubavuni ina umanjano wa moto. Nikiiweka rangi ya kamera kwenye kelvini 3,800 hivi, kila nuru hubaki na tabia yake, ukingo mmoja wa petali ukiwa samawati na wa pili ukiwa dhahabu. Napiga picha moja kila baada ya dakika tano bila kuigusa kandili. Asubuhi naziendea tena zile zile, na hapo ndipo penye picha ninazozipenda zaidi, kwa kuwa petali zimelegea, nyeupe yake imetiwa manjano katikati, na migongoni umetokea wekundu wa zambarau ambao usiku haukuwapo.

Shangazi yangu, ambaye ametunga vikuba tangu ujana wake, alinikuta asubuhi moja nimeinama juu ya koja la jana. Akaniuliza, "Mwanangu, asumini hizi zimeshatoa harufu yake yote, wataka nini tena kwazo?" Nikamjibu, "Nataka rangi yake, shangazi. Imekuja sasa." Alikaa kitako akazitazama kwa muda, kisha akanionyesha kwa kidole kwamba zilizokuwa karibu na uzi zimebadilika zaidi kuliko zilizo nje, jambo ambalo nilikuwa sijaliona. Tangu siku hiyo huniwekea vikuba vilivyokwisha kuvaliwa, na mimi huvipiga picha jinsi vilivyo, pamoja na alama ya pini na rehani iliyosinyaa, chini ya nuru ya dirisha ya saa mbili asubuhi. Sivipangi upya.

Boganvila, inayopanda karibu kila ukuta wa mji, ina siri yake. Kile kinachoonekana kuwa petali ni majani yaliyopata rangi, na ua lenyewe ni lile dogo jeupe la katikati. Kwa kuwa ni majani membamba yenye maji machache, hukauka bila kuoza na rangi huenda polepole, na nuru ikipita nyuma yake mtandao wa mishipa huonekana hata kwa kamera ya kawaida. Anayeanza na aanze na hili, kwa sababu halimkimbizi.

Sasa nizungumzie jambo ambalo naliona kuwa la msingi kwa yeyote anayetaka kulifuata ua moja tangu ubichi hadi ukavu. Kamera na simu hupenda kujirekebishia rangi. Siku waridi likiwa jekundu kamera huchagua hivi, siku likiwa la zambarau huchagua vile, na mwisho wa mfululizo mtu hajui ni ua lililobadilika au ni mashine iliyobadili mawazo. Ndani ya mfululizo mmoja, kwa hiyo, mimi huifunga rangi ya kamera kwenye kiwango kimoja cha kelvini, hupiga picha kwa faili ghafi inayohifadhi kila kitu kilichopokewa na kamera, na katika picha ya kwanza ya kila siku huweka kipande kile kile cha bafta kando ya ua ili niwe na kipimo. Mahali pa chombo napaweka alama ya chaki sakafuni, na urefu wa kiweko siubadilishi. Nuru naibadilisha ua linapoingia umri mwingine, lakini kabla ya kufanya hivyo hupiga picha moja kwa nuru ya zamani, ili anayetazama aone kwa macho yake kwa nini nuru ile haikufaa tena.

Chombo nacho kina sehemu yake. Anayetaka uzee uje taratibu akate kikonyo kwa mshazari kwa kisu kikali, abadilishe maji kila siku, aondoe majani yanayozama, na ayaweke maua mbali na embe au ndizi mbivu, kwa sababu matunda yanayoiva hutoa gesi ya etilini, na gesi hiyo ndiyo inayoyaambia maua mengi yanyauke. Karnesheni huathirika sana nayo. Anayetaka kuharakisha afanye kinyume chake: sahani ya ndizi mbivu na karnesheni chini ya kawa moja, na petali zitaanza kujikunja kwa ndani mapema kuliko kawaida yake. Sioni kosa katika kuharakisha hivyo, maadamu ua limeachwa lizeeke kwa njia yake lenyewe. Kosa naliona katika kulitia rangi, kulipaka mafuta ling'ae, au kulinyunyizia matone ya maji lionekane limechumwa alfajiri, ilhali kingo zake zimeshakauka. Matone juu ya ua kavu ni uongo unaoonekana. Taa za rangi nazo nimeziacha. Ua linalozeeka linatengeneza rangi ambazo halikuwa nazo, na taa ya waridi au ya kijani huzifunika zote kwa rangi moja iliyonunuliwa dukani.

Katika historia ya upigaji picha yupo mtu ambaye kazi yake hunipa moyo kila ninaposhuku thamani ya jambo hili. Irving Penn wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 2009, alipiga picha za maua kwa ajili ya jarida la Vogue kati ya mwaka 1967 na 1973, kila mwaka aina moja: tulipu kwanza, baadaye mipopi, peoni, okidi, mawaridi, mayungiyungi, na mwisho begonia. Hakuchagua yaliyo kamili peke yake. Aliyapenda yaliyopita ukamilifu wake, yenye madoa, mipasuko na kingo zilizojikunja, akayaweka mbele ya weupe mtupu pasipo kitu cha kuyapamba. Weupe wake na giza langu ni njia mbili zinazotofautiana sana, lakini nakubaliana naye kabisa katika jambo moja, kwamba doa lililo kwenye petali ni sehemu ya umbo na lina haki ya kumulikwa kwa uangalifu ule ule.

Hewa ya Lamu humlazimisha mpigapicha kujua majira. Wakati wa kaskazi, mvua zikiwa haba, mawaridi hukauka yakiwa yamesimama na rangi hubaki nzito. Wakati wa masika unyevu huyashinda. Kabla hayajakauka hupata ukungu wa kijivu katikati, na kikonyo huoza ndani ya maji. Ukungu huo nao hupigika picha, kwa nuru ya nyuma iliyo hafifu, kwa kuwa nyuzi zake ni nyembamba mno na nuru ya mbele haizioni. Ila ua hilo lisikae karibu na kamera. Unyevu na chumvi ya bahari huotesha ukungu hata ndani ya lenzi, na ninaziweka zangu katika kasha la plastiki lenye mfuniko unaobana pamoja na vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu, ambavyo nakausha mara kwa mara. Upepo wa kusi pia una usumbufu wake: ua lililokauka ni jepesi, na upepo mdogo unaopita dirishani hutosha kulitikisa ndani ya sekunde 30 za shata. Nafunga madirisha yote, nangoja hewa itulie, ndipo nianze.

Kwa sasa nimehamia kwenye langilangi, ambalo linataka fikra tofauti kabisa. Mawaridi hupoteza kadiri yanavyozeeka, lakini langilangi huanza likiwa kijani lisilovutia pua, na linapokomaa hugeuka manjano, likatoa doa jekundu karibu na kikonyo, na harufu yake ikafika kilele. Petali zake ni ndefu, nyembamba na zimening'inia, hivi kwamba taa ya ubavuni huziacha nusu gizani na taa ya nyuma huzifanya zionekane nzito kuliko zilivyo. Nimeona linaitika vizuri zaidi kwa nuru inayotoka chini, ile inayogonga sakafu ya chokaa katika kiwanda saa sita mchana na kupanda juu, kwa hiyo nimelitundika kwa uzi kwenye boriti ya msana wa kwanza, kamera ikiwa chini yake, na bafta imetandikwa sakafuni hadi pale jua linapofika.